HEET ikiisha, fedha ndogo zinazofuata ziende kwa idara

Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ambao vyuoni kila mtu anauita HEET, unaelekea ukingoni, na hesabu ya mafanikio yake imeshaanza kuandikwa. Mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa kazi ya miaka mitano, umeacha alama zinazoonekana kwa macho: kampasi mpya za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huko Kagera na Lindi, ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) huko Kigoma, ya Mzumbe kule Mkinga mkoani Tanga, pamoja na maabara, mabweni, wahadhiri waliopelekwa kusoma uzamili na uzamivu, na mitaala iliyohuishwa kwa kuwashirikisha waajiri. Wanaousifu mradi wanahesabu majengo. Wanaoulaumu nao wanahesabu majengo, ila yale ambayo hayajakwisha. Pande zote mbili zinachukulia kwamba ukumbi ukikamilika na mtaala ukipitishwa na seneti, kujifunza kutafuata kwenyewe, na kwa hiyo swali lililobaki ni la ukaguzi wa hesabu tu.

Nadhani swali lenyewe halijaulizwa. Kitu ambacho bado hakijanunuliwa, na ambacho bei yake ni ndogo kuliko vyote, ni kujua mwanachuo wetu anaelewa nini hasa anapomaliza kozi fulani, wapi anakwama, na kwa nini anakwama hapo. Jambo hilo haliletwi na mkandarasi wala mshauri elekezi. Linatafutwa na wahadhiri wenyewe, kozi kwa kozi, na ni kazi inayostahili kulipiwa kama utafiti mwingine wowote. Lakini fedha hizo zikitolewa kwa mtindo tuliouzoea, kwa mhadhiri mmoja mmoja, kwa mwaka mmoja, na sharti la warsha mbili na ripoti ya mwisho, zitaliwa na posho na hakuna darasa litakalobadilika. Namna ya kutoa ndiyo kila kitu.

Kwenye karatasi hatuna upungufu. Mfumo wa sifa za vyuo vikuu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) unataka kila programu itamke matokeo ya kujifunza, na unapima uzito wa kozi kwa krediti, krediti 1 ikiwa saa 10 za kazi ya mwanachuo, krediti 120 kwa mwaka, 360 kwa shahada ya miaka mitatu. Fungua muhtasari wowote wa kozi utakuta sentensi tano au sita zinazoanza na "mwishoni mwa kozi hii mwanachuo ataweza kuchambua, kutathmini, kubuni". Kisha fungua mtihani wa kozi hiyohiyo. Mara nyingi utakuta "fafanua", "taja na eleza", "tofautisha kati ya". Muhtasari uliahidi kubuni, mtihani ukauliza kukumbuka, na hakuna aliyelazimika kuviweka viwili hivyo kwenye ukurasa mmoja. Mwalimu wa sekondari anafundishwa kutengeneza jedwali la utahini, linaloonyesha kila mada na kila ngazi ya uwezo itapimwa kwa maswali mangapi, kabla ya kutunga mtihani, lakini mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu anaweza kufundisha miaka ishirini bila kuombwa jedwali hilo hata mara moja.

Kwa kukosa kipimo chetu, tumekuwa tukiishi kwa maoni ya watu wengine. Mwaka 2014 Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lilitoa matokeo ya utafiti kwa waajiri, na magazeti ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam yakabeba habari kwamba zaidi ya nusu ya wahitimu wa kanda hii hawajaiva kwa soko la ajira. Takwimu ile imenukuliwa tangu wakati huo kwenye hotuba zisizo na idadi, na HEET yenyewe ilijengwa juu ya wasiwasi huohuo. Sibishani na waajiri. Nasema tu kwamba maoni ya mwajiri hayamwambii mhadhiri wa takwimu kama vijana wake wanashindwa kwenye uwezekano au kwenye usampulishaji, wala hayamwambii mkuu wa idara ya uhasibu abadilishe nini wiki ya tano ya muhula.

Taarifa ya namna hiyo ipo, na iko karibu kuliko tunavyodhani. Chukua kijitabu cha majibu cha mtihani wa mwisho wa muhula. Kwenye jalada lake pana jedwali dogo: safu moja ya namba za maswali, safu ya pili ya alama alizotoa msahihishaji, na chini yake jumla. Kinachoingia kwenye mfumo wa matokeo ni ile jumla tu, ikachanganywa na alama za majaribio na kazi za muhula, kwa uwiano ambao katika vyuo vyetu vingi ni 40 kwa 60, ikawa herufi. Alama za swali kwa swali zinabaki kwenye jalada, vijitabu vinafungwa kwa kamba, vinapangwa stoo, na muda wa kuvihifadhi ukiisha vinateketezwa. Kila mwaka idara inachoma data yake bora. Darasa la watu 400 lenye mtihani wa maswali matano ni namba 2,000, na msaidizi mmoja mwenye kompyuta anazimaliza kwa siku tatu hivi. Tuseme amezimaliza kwa kozi ya takwimu ya mwaka wa kwanza, na ikaonekana kwamba swali la usampulishaji limechaguliwa na watu 60 kati ya 400, na wastani wao ni 4 kati ya 15. Kozi hiyo inaweza kuwa na ufaulu wa asilimia 85 huku mada ambayo ndiyo moyo wake haijaeleweka na karibu mtu yeyote, kwa sababu maelekezo yalisema jibu swali la kwanza na mengine matatu yoyote. Uhuru wa kuchagua maswali, ambao tunauona kama huruma kwa mwanachuo, ndio unaoficha shimo. Na vijana wanajua. Wanaingia steshenari ya nje ya geti, wananunua mitihani ya miaka mitano iliyopita, wanaona mada zipi zinarudi, wanashika nondo za hizo na kuziruka nyingine.

Hapa kuna watakaojibu kwamba tayari tunapima, maana wanachuo wanajaza fomu za kumtathmini mhadhiri kila muhula na matokeo ya mitihani yanakaguliwa na mtahini wa nje. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayotolewa na watu wenye mamlaka zaidi. Mtahini wa nje anaangalia kama maswali ni ya kiwango na kama usahihishaji ni wa haki. Haulizi darasa lilijua nini kabla ya kozi, na asipouliza hilo hawezi kusema kozi imeongeza nini. Fomu za wanachuo ni shida nyingine. Katika baadhi ya vyuo huwezi kuona matokeo yako mpaka uwe umezijaza, kwa hiyo kijana anabonyeza nne, nne, nne kutoka juu hadi chini ili afike anakokwenda. Na hata akijaza kwa moyo safi, anachopima ni kingine. Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake waliukusanya upya ushahidi wa miongo kadhaa juu ya fomu hizi, na hawakuona uhusiano wa maana kati ya alama anazopewa mwalimu na kiasi wanachojifunza wanafunzi wake. Miaka miwili baadaye, Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walionyesha jambo linalokera zaidi: katika kozi za fizikia za mwanzo, wanafunzi waliofanyishwa kazi darasani walifanya vizuri kwenye jaribio kuliko waliosikiliza mhadhara uliopangiliwa vizuri, lakini wao wenyewe waliamini kwamba wamejifunza kidogo. Mhadhara mtamu unampa msikilizaji hisia ya kuelewa. Chuo kinachotegemea fomu peke yake kinamtuza mzungumzaji mzuri na kumwadhibu anayewatoa wanachuo jasho.

Hoja nzito inatoka kwa wahadhiri wenyewe. Kozi za lazima za mwaka wa kwanza zina mamia ya watu, nyingine zinapita elfu, msahihishaji ni mmoja au wawili, na mhadhiri huyohuyo ana kozi tatu nyingine na wanafunzi wa uzamili wanaosubiri rasimu zao zisomwe. Leteni walimu kwanza, wanasema, kisha mtuambie habari za kupima. Wana haki kuhusu mzigo, na mtu yeyote anayekuja na mradi wa kuboresha ufundishaji bila kupunguza kitu kwenye ratiba ya mhadhiri anaomba kazi ya bure. Lakini upungufu wa walimu hautaisha kesho, na ushahidi tulionao unaonyesha kwamba kuwashirikisha wanafunzi kunasaidia kwenye madarasa ya ukubwa wote, makubwa yakiwemo. Richard Hake alikusanya mwaka 1998 matokeo ya wanafunzi 6,542 katika kozi 62 za fizikia nchini Marekani, wote wakiwa wamefanya jaribio la dhana za msingi mwanzoni na mwishoni mwa kozi. Kipimo chake ni rahisi: chukua ongezeko la alama, ligawe kwa kile ambacho kingeweza kuongezeka. Darasa lililoanza na wastani wa asilimia 30 na kumaliza na 46 limepata 16 kati ya 70 zilizokuwa zimebaki, yaani 0.23. Hiyo 0.23 ndiyo iliyokuwa wastani wa kozi za mhadhara wa kawaida. Zile ambazo wanafunzi walijibu, walibishana na kufanya kazi darasani zilikuwa na 0.48. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake waliunganisha tafiti 225 za sayansi, hisabati na uhandisi, wakakuta wastani wa kushindwa ni asilimia 33.8 kwenye mihadhara na 21.8 kwenye madarasa ya kushiriki. Kwa chuo kinacholalamikia idadi ya sapu, yaani mitihani ya marudio, na ya vijana wanaodisco, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, tofauti hiyo ni ya fedha taslimu: ni mitihani isiyorudiwa, mikopo ya Bodi ya Mikopo (HESLB) isiyopotea njiani.

Kuna pia uzoefu wa waliokwisha kumwaga fedha kwenye jambo hili, na unafundisha zaidi unapokwenda vibaya. Kati ya 2005 na 2010 Uingereza ilitumia pauni milioni 315 kuanzisha vituo 74 vya umahiri wa kufundisha na kujifunza. Kilikuwa kitita kikubwa kuliko chochote ambacho mfuko wa elimu ya juu wa nchi hiyo ulikuwa umewahi kutoa kwa ajili ya ufundishaji. Vituo vilipata majengo mazuri, vifaa na watu waliopenda kazi yao. Tathmini ya mwisho ilikuta kwamba faida ilibaki zaidi kwa waliokuwa ndani ya vituo, mabadiliko katika vyuo kwa jumla yalikuwa haba, na fedha zilipokoma vituo vingi vilifungwa au kumezwa. Kosa lilikuwa la kimaumbile. Ukitengeneza kituo cha ufundishaji nje ya idara, mhadhiri wa idara anakitembelea kama anavyotembelea maonyesho ya Sabasaba, anaona mambo mazuri, anarudi kwake na kuendelea na slaidi za mwaka juzi.

Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001, alikwenda njia nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Colorado kuanzia 2006 na katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, kuanzia 2007, kwa gharama ya dola milioni 5 hivi kwanza na zaidi ya dola milioni 10 baadaye, fedha hazikuombwa na mtu mmoja mmoja. Ziliombwa na idara nzima kwa ushindani, mkuu wa idara akiwa na saini yake. Kila idara ilitakiwa kujibu maswali matatu kwa kila kozi: wanafunzi wajifunze nini, kwa sasa wanajifunza nini, na mbinu gani itaboresha. Sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwa wataalamu vijana wenye uzamivu wa somo lenyewe, waliofunzwa namna ya kupima kujifunza, wakaajiriwa ndani ya idara na kukaa na mhadhiri kozi baada ya kozi. Kuhamia njia hiyo hakukufanikiwa kila mahali. Idara iliyokuwa na uongozi legelege ilitumia fedha na kubadilika kidogo. Ila pale uongozi uliposhika, kozi zilizobadilishwa ziliendelea kufundishwa hivyo hata kwa wahadhiri wapya, kwa sababu maswali, majaribio na kazi za darasani vilikuwa mali ya idara.

Kanda yetu nayo imeshajaribu. Kati ya 2018 na 2021 mradi wa TESCEA wa kuboresha ufundishaji vyuoni, kwa fedha za Uingereza, uliunganisha Mzumbe, Chuo Kikuu cha Dodoma, na vyuo vikuu vya Gulu na Uganda Martyrs vya Uganda, pamoja na wakufunzi wa AFELT, chama cha Kenya cha kuendeleza ufundishaji wa vyuo vikuu. Wahadhiri walikaa na kozi zao, wakaanza na kile mhitimu anachotakiwa kukiweza, wakarudi nyuma hadi kwenye kazi za darasani na namna ya kupima, kisha waliofunzwa wakawafundisha wenzao. Mtu asiseme basi kwamba wahadhiri wa Afrika Mashariki hawako tayari. Walichokosa ni mfuko wa ndani unaodumu, usiosubiri mfadhili.

Mfuko huo ungenunua nini? Chukua kozi moja yenye historia ya sapu nyingi, darasa la watu 400. Mwaka wa kwanza wa mradi usibadilishe chochote darasani. Idara inaandika mambo manne hadi sita, si zaidi, ambayo mwanachuo lazima aweze kuyafanya, kwa vitenzi vinavyopimika. Inatunga maswali 20 hadi 25 ya kuchagua, ambayo majibu yake ya uongo yametokana na makosa halisi yaliyokutwa kwenye vijitabu vya mtihani, si yaliyobuniwa na mtunzi kwa kukisia. Maswali yanajaribiwa kwa darasa la juu yake, kisha yanachujwa. Swali ambalo karibu wote wanalipata au karibu wote wanalikosa halisemi kitu; yanayobaki ni yale yanayopatwa na kati ya asilimia 30 na 80. Halafu kuna kipimo cha kutofautisha. Chukua asilimia 27 waliofanya vizuri zaidi na asilimia 27 waliofanya vibaya zaidi, kwa darasa la 400 ni watu 108 kila upande. Swali lililopatwa na 80 wa juu na 40 wa chini lina tofauti ya 40 kwa 108, yaani 0.37, na hilo ni swali zuri. Lililopatwa na 50 juu na 52 chini lina kasoro, aghalabu maneno yake yana utata au jibu lililowekwa kuwa sahihi si sahihi. Kwa yale yasiyopimika kwa kuchagua, kama kuandika hoja au kubuni saketi, inatengenezwa rubriki, yaani mwongozo wa kutoa alama, ya ngazi nne, wasahihishaji wawili wanasahihisha insha kumi zilezile kila mmoja peke yake, wanakaa, wanabishana pale walipopishana, wanarekebisha maneno ya rubriki, wanarudia kwa kumi nyingine. Wakiruka hatua hiyo, wanachopima ni tofauti ya wasahihishaji.

Jaribio la mwanzo na la mwisho liwe lilelile, na hapa ndipo miradi mingi inapoharibika kwa vitu vidogo. Vijitabu vya maswali vipewe namba, vihesabiwe wakati wa kugawa na wakati wa kukusanya, la sivyo Ijumaa viko steshenari na mwaka unaofuata unapima kumbukumbu. Jaribio la mwanzo lisifanywe wiki ya kwanza, kwa sababu boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, likichelewa na usajili ukasuasua nusu ya darasa haijafika, na nusu hiyo si yoyote tu, ni wale wasio na fedha ya nauli. Wiki ya tatu inafaa, almradi mada yenyewe haijafundishwa. Jaribio lisilo na alama wanachuo wanalijaza kwa kubahatisha. Wape alama 2 za kushiriki katika zile 40 za muhula, bila kujali wamepata ngapi. Kwenye hesabu ya mwisho linganisha waliofanya majaribio yote mawili tu, na useme wazi wangapi wametoka katikati, kwa sababu dhaifu wakiacha kozi, wastani wa waliobaki unapanda wenyewe na mradi unajisifu kwa kazi ya msajili.

Mwaka wa pili ndipo mabadiliko yanaingia, na si lazima yawe ya gharama. Mbinu ya Eric Mazur wa Harvard inahitaji swali moja gumu kila baada ya dakika kumi na tano na kadi nne za rangi, kila rangi jibu moja, kwa kila mwanachuo, kwenye ukumbi usio na intaneti ya kutegemewa. Wakiinua kadi na waliopata ni chini ya asilimia 30, eleza upya. Wakiwa kati ya 30 na 70, waache wabishane na jirani dakika mbili, kisha wapige kura tena. Wakizidi 70, songa mbele. Mhadhiri atapoteza muda wa robo ya mada zake, na hili lisemwe mapema, maana ndilo linalowafanya wengi waache katikati ya muhula. Mada zinazotolewa zichaguliwe na idara kwa makubaliano, si na mhadhiri kwa hofu wiki ya kumi na mbili. Mwaka wa tatu kozi inarudiwa na mhadhiri mwingine. Matokeo yakishuka kurudi pale pale, tumejua kwamba kilichofanya kazi ni mtu, na si mbinu.

Kwa makadirio yangu, kozi moja inagharimu Sh milioni 10 kwa mwaka: wasaidizi wawili kwa Sh 300,000 kwa mwezi kwa miezi minane ni Sh milioni 4.8, mhadhiri wa muda wa kubeba kozi moja ya kiongozi wa mradi, Sh milioni 3, uchapaji na kadi, Sh milioni 1, na Sh milioni 1.2 za kumlipa mhadhiri wa chuo kingine apitie maswali na kusahihisha sampuli bila kujua ni ya mwaka gani. Hakuna warsha ya Bagamoyo humo, na haimo kwa makusudi. Miaka mitatu ni Sh milioni 30. Kozi 100 nchi nzima ni Sh bilioni 3, wakati HEET ilipotangazwa ilikuwa na thamani ya Sh bilioni 972 hivi. Ni karibu theluthi moja ya asilimia moja.

Kiasi hicho hakina ugomvi. Ugumu uko kwenye motisha. Katika mwaka wa fedha 2022/23 Wizara ya Elimu ilianzisha tuzo ya hadi Sh milioni 50 kwa mhadhiri anayechapisha kwenye jarida la hadhi ya juu duniani. Ni tuzo nzuri na sitaki ifutwe. Lakini mhadhiri mwenye akili timamu anayesoma ishara hiyo, pamoja na kanuni za kupanda cheo zinazohesabu machapisho moja baada ya jingine huku ufundishaji ukiingia kama sharti la kutimiza, ataelewa vizuri anatakiwa aweke saa zake wapi. Makala moja inaweza kuleta zaidi ya mradi mzima wa miaka mitatu unaogusa wanachuo 1,200. Basi njia nyepesi ni kuutambua mradi wenyewe kuwa utafiti: seti ya maswali iliyojaribiwa, yenye data ya miaka mitatu na iliyopitiwa na chuo kingine, ihesabiwe kwenye kupanda cheo kama chapisho. Bila hilo watakaoomba fedha ni wale waliokwisha kuwa maprofesa, au wale waliokata tamaa ya kuwa.

Imebaki hoja moja ya upinzani ambayo siwezi kuipuuza, nayo ni hofu ya matumizi. Mhadhiri akigundua kwamba darasa lake limepata ongezeko la 0.12 kwa kipimo cha Hake, taarifa hiyo itafika kwa nani? Ikifika kwa makamu mkuu wa chuo ikiwa na jina lake, au ikaingia kwenye mkataba wa utendaji, mwaka ujao ongezeko litakuwa 0.50 na hakuna kitakachokuwa kimebadilika isipokuwa maswali yaliyovuja kwa makusudi. Tumeyaona haya kwenye shule za msingi na sekondari, ambako kupanga shule kwa ufaulu kulizaa mazoezi ya kukariri na kuwazuia dhaifu wasisajiliwe kufanya mtihani. Kwa hiyo data ya kozi ibaki idarani, ijadiliwe kwenye kikao cha idara, na kinachopanda seneti kiwe ni kile idara iliyoamua kubadilisha na sababu yake. TCU isiulize alama. Iulize ushahidi kwamba alama zilisomwa na kitu kikafanyika.

Wanaoandaa mradi utakaofuata HEET wanaweza kuyaingiza haya kwenye vifungu vitatu. Mwombaji awe idara, na mkuu wake aahidi kwa maandishi kwamba kozi haitabadilishiwa mhadhiri kiholela kwa miaka mitatu. Malipo ya mwaka wa pili yafunguliwe kwa data ya mwanzo iliyokamilika, hata kama inaonyesha aibu, na yasifunguliwe kwa ripoti ya shughuli. Na fedha ya mwaka wa kwanza iwe imefika kwenye akaunti ya idara kabla ya Oktoba, kabla wanachuo hawajafungua, pamoja na ruhusa ya kununua vitu vidogo bila kuvipitisha vyote kwenye foleni ya NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa kielektroniki. Fedha ikiingia Januari, muhula umeshakwenda mbali, kipimo cha mwanzo hakipo, na idara itabaki kuandika ripoti ya mradi ambao hauwezi tena kuonyesha chochote.